Bakuli Lililosuguliwa kwa Udongo

Mpendwa Bi Ghadir, shikamoo. Naomba msaada wako maana usingizi umenikimbia, na naomba gazetini usiandike jina langu kamili, niite Mama Asheri tu, kwa sababu mtaa wetu hapa Chumbageni ni mdogo, ukikaanga kitunguu kwako jirani wa tatu anajua leo mnakula nini.

Mimi ni mzaliwa wa Lushoto, nimeolewa na Fanueli, na tunaishi na mama mkwe wangu, Bibi Leticia, ambaye tangu mwaka juzi amepooza upande wa kushoto yuko kitandani, na kusema kweli aliyekuwa akimwangalia si mimi peke yangu, ni jirani yetu wa ng'ambo ya njia, Bi Harusi, mama wa Kiarabu, mtu mzima wa swala tano, ambaye kila baada ya Alasiri alikuwa anakuja na bakuli lake la maua ya buluu limejaa uji wa mchele wa nazi na pilipili manga, anamlisha shoga yake kijiko kwa kijiko huku wanasutana na kuchekana mpaka mimi jikoni nacheka, na mimi bakuli silirudishi tupu, natia makande au matunda ya kwetu, tumeishi hivyo kwa raha wala hatujawahi kuulizana dini.

Sasa Bi Ghadir, tangu mwezi uliopita mambo yamegeuka na sijui nimekosa nini. Bi Harusi haji tena. Ilianza wiki ile tulipoibiwa mtungi wa gesi, Fanueli akapandwa na hasira akaenda sokoni akanunua kibao cha MBWA MKALI, kimechorwa mbwa katoa meno, akakipigilia getini, ingawa mbwa hatuna, hata paka hatuna, na akatuusia tusimwambie mtu, basi hata Mzee Badr wa dukani aliponiuliza mchana huwa tunamfungia wapi nikamtania kwamba wala hafungwi, analala jikoni kwangu na masufuria anayalamba yeye, mzee akasema "Allah!" tukaachana, na kweli wezi hawajarudi, hilo tu ndilo jema la mwezi mzima, lakini naona nimetoka nje ya habari.

Habari yenyewe ni kwamba nilipoona kimya kimezidi nilipika makande ya kujitahidi, nikalijaza lile bakuli lake lililokuwa limebaki kwangu, nikampelekea mwenyewe. Alinipokea mlangoni, akashukuru, lakini alilishika kwa kitambaa na hakunikaribisha ndani, yeye ambaye zamani ningekaa kwake mpaka nisahau nilichoendea. Kesho yake naanika nguo nikachungulia juu ya ua, Mungu anisamehe, nikaona kuku wanadonoa makande yangu, na Bi Harusi ameinama bombani analisugua lile bakuli kwa udongo, analisuuza, analisuuza tena, na tena, kama anatoa sumu. Niliziacha nguo kwenye beseni nikaingia ndani. Nikajua hapo hapo, mama huyu ananiona mchawi, na labda wote wanasema mimi ndiye niliyempoozesha mama mkwe wangu.

Na sasa kila jioni anasimama ng'ambo ya njia, haingii, anaita kwa sauti ya juu, "Leticia! Leticia we! Umeshindaje?" mtaa mzima unasikia, na mama anajitahidi kumjibu kutoka kitandani kwa ulimi wake mzito, kisha analia, na mimi naona kabisa natangazwa, kwamba jamani mjue humu ndani kuna mgonjwa kashikwa na mchawi. Uji wangu mama hataki, anasema hauna mkono wa Harusi, na anakonda namwona. Fanueli anataka tuhamie Pongwe kwenye kiwanja chetu ambako chumba kilichoezekwa ni kimoja tu, mama anasema akitolewa Chumbageni atolewe kwenye jeneza, na mimi nimeshaongea na wanamaombi wa kanisani waje Jumapili na vipaza sauti tuombe pale getini mpaka shutuma zife. Je, nifanye hivyo au tuhame? Naogopa, Bi Ghadir. Naogopa mama atanifia mikononi na watu watasema nimemmaliza.

Mama Asheri, Chumbageni

BI GHADIR ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Kabla hujasoma mstari wa pili, wapigie simu hao wanamaombi uwaambie Jumapili wapumzike. Umeshapiga? Haya, sasa kaa chini.

Barua yako nimeisoma, nikasikitika, halafu nikafika pale uliposema umetoka nje ya habari, nikacheka peke yangu kama mwehu. Hukutoka nje ya habari hata kidogo. Habari yote iko pale pale, umeiandika kwa mkono wako kisha ukaipita.

Umewaambia watu una mbwa. Ukawachorea na picha yake. Ukaona haitoshi, ukamwambia mwenye duka, ambako mtaa mzima unanunua sukari, kwamba mbwa huyo analala jikoni na kulamba masufuria. Ala! Halafu weye huyo huyo ukapika makande kwenye masufuria hayo hayo ukampelekea mtu wa swala tano! Ulitaka afanyeje?

Sisi Waislamu wa huku kwetu, mate ya mbwa ni najisi. Chombo kilicholambwa na mbwa hatukitumii mpaka kioshwe mara saba, na mara moja kati ya hizo ni kwa udongo. Tumefundishwa madrasa tungali watoto. Ni mambo ya twahara hayo, uchawi hauna njia hapo. Wataka kuniuliza mbona hakukwambia. Angekwambiaje? Aje mlangoni kwako aseme chakula chako kina mate ya mbwa? Amekuonea haya, akakupokelea, akakushukuru, akasubiri umpe kisogo. Weye ukaenda kuchungulia ua wa watu. Tabia hiyo nayo uikome.

Sikugombezi kwa kukuchukia. Kuuguza mtu wa kitandani si mchezo, na mtu aliyechoka hofu humwingia upesi. Ila hilo neno la uchawi usilitamke tena, hata kwa mumeo chumbani. Fikiria Jumapili ingefika, vipaza sauti vinanguruma, mchungaji anakemea wachawi huku amelielekea geti la Bi Harusi. Mngeishije tena mtaa mmoja? Na Bibi Leticia angemtazama shoga yake kwa uso gani?

Na huyo anayesimama ng'ambo ya njia akiita, hakutangazi. Mama mtu mzima anaogopa kuumwa na mbwa wako asiyekuwepo, anahofia nguo zake za kusalia zisiguswe na mate yake, na shoga yake hawezi kutoka nje akamwona. Kimebaki nini? Sauti. Kila jioni anampelekea sauti yake, na weye wakaa ndani wakunja uso.

Basi fanya hivi, na ufanye leo. Fanueli aking'oe hicho kibao, na akitaka kuulinda mtungi wa gesi aununulie mnyororo na kufuli aufunge kwenye nondo za dirisha. Usimpigie Bi Harusi simu, wala usimtume Asheri. Vuka njia mwenyewe, mwamkie, umwambie, "Mama, nimekuja kukuomba radhi. Mbwa hatuna, hatujapata kuwa naye, ulikuwa mzaha wangu wa kijinga." Habari ya kuku na ya udongo usiitie mdomoni, hukuona kitu. Umwombe aje, aingie mpaka jikoni, azunguke na nyuma ya nyumba, macho yake yamtoe wasiwasi. Halafu pita kwa Mzee Badr wakati duka limejaa, useme maneno yale yale kwa sauti, uongo ulitokea hapo na ukweli nao upitie hapo. Watakucheka wiki nzima. Uwaache wacheke.

Pongwe hamwendi. Mgonjwa wa aina ile hahamishiwi chumba kimoja mbali na mtu anayemfanya ale.

Na lile bakuli, mwanangu, lililokunyima usingizi. Mtu akikuona mchawi hasugui bakuli, hulitupa jalalani akanunua jingine, mbona yamejaa tele sokoni. Bi Harusi kainama bombani na mgongo wake ule wa kizee, kaosha mara saba, kwa sababu alitaka lifae tena kumpelekea Leticia uji. Nenda kabla ya Alasiri, hajabandika sufuria bado.