Mikate Iliyopigwa Mstari Mwekundu

Huwei, Taiwan
Tarehe 12 Machi

Mdogo wangu mpendwa Qiaozhi,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi juu ya kitanda cha udongo, moto ukiwaka chini yake, magoti yametulia na kile kikohozi cha baridi kimeshakuaga. Mimi mzima, isipokuwa sikio la kushoto limestaafu kabisa, na daktari ameniongezea kidonge cha nne ambacho kazi yake sijaielewa. Msalimie mwanao na mkewe. Msalimie pia mjukuu wako Haobin. Picha yake ya sare ya baharia wa kivita nimeiweka chini ya kioo cha meza ninayoandikia. Ana masikio ya baba yetu.

Barua yako ilifika wiki mbili zilizopita. Umesema chumba cha mashariki kimepakwa chokaa, umenunua godoro jipya, na majirani hawaishi kuuliza kama Tingjie anarudi kweli safari hii kuja kukaa, au ni maneno tu kama miaka yote. Umetaka nikujibu jambo moja: nije kabla ya siku ya kufagia makaburi ya wazee, mwezi wa nne, au baada yake. Swali rahisi, na jibu nilikuwa nimeshaliandika. Karatasi yenyewe iko hapa mbele yangu, nimeikalishia kikombe cha chai. Ndipo ukaja mkutano wa hekaluni, na tangu siku ile kichwa changu hakijakaa sawa. Niache nikusimulie kwa utaratibu, kadiri nitakavyoweza.

Mwenyekiti wa mtaa wetu ni mama mmoja aitwaye Tsai, ambaye sauti yake ingetosha soko la samaki. Alipita nyumba kwa nyumba akitangaza kwamba Jumamosi asubuhi kutakuwa na zoezi katika ukumbi wa hekalu. Kila nyumba ilete chakula ambacho ingekula endapo umeme ungekatika kisiwa kizima na meli zikaacha kuja. Nilimuuliza meli zitaacha kuja kwa sababu gani. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa na mtoto mdogo watoto hutoka wapi, akasema, "Mzee Luan, wewe lete chakula tu."

Nilichopeleka unakijua. Tangu nilipotoka jeshini na mguu wangu mbovu, kwa miaka thelathini na mitano nilizunguka mji huu kwa baiskeli, sanduku la mbao nyuma limefunikwa blanketi, kitabu kimoja kwenye kikapu cha mbele, nikipaza sauti kwa jina la jimbo letu, "Mikate ya mvuke! Mikate ya Shandong!" Marehemu mke wangu Bi-kiok alikanda, mimi nikauza. Tangu alipofariki nakanda mwenyewe kila Ijumaa, na kila mara nabakiza kipande cha unga uliochacha kwa ajili ya wiki inayofuata, kama mama yetu alivyofanya. Basi Jumamosi ile niliamka mapema, nikachochea jiko la kuni, nikatoa mikate ishirini, nikaifunga kwa kitambaa cheupe na kuingia hekaluni kama bwana harusi. Nilijiambia kwamba hawa wote wamezaliwa na majokofu. Leo watamjua aliyewahi kukimbia vita.

Wilaya ilikuwa imemtuma afisa, binti mmoja mwenye miwani mikubwa aitwaye Pei-shan. Alikuwa na orodha na kalamu nyekundu. Vyakula vyote vilipangwa juu ya meza ndefu inayowekwa sadaka, akawa anapita, anauliza, anaandika, anapiga mstari. Tambi za pakiti zilipigwa mstari kwa sababu ni ngano, na ngano huja kwa meli. Maziwa ya soya yakafuata, kwa kuwa soya nayo ni ya ng'ambo. Yalipofikiwa mayai ya Bwana Ko, mfuga kuku wa mtaani kwetu, binti akauliza kuku wanakula nini. Mahindi ya gunia. Gunia linatoka wapi? Mstari. Bwana Ko akapandisha sauti, akasema kuku wake wamezaliwa hapahapa Huwei na ni wenyeji kuliko diwani. Watu wakacheka, lakini mstari ukabaki. Nyama ya nguruwe, hivyohivyo. Samaki wa bwawani nao hupuliziwa hewa kwa pampu ya umeme. Binti akasema pampu ikizima leo, kesho wataelea matumbo juu.

Ulipofikiwa mchele watu walipiga makofi, maana mchele tunaulima wenyewe na unatosha. Pei-shan akangoja makofi yaishe, kisha akauliza ni nani anaweza kuupika bila sufuria ya umeme. Mikono mitatu ilinyooshwa, mmoja wa kwangu. Akauliza tena mbolea inatoka wapi, na mafuta ya trekta. Akapiga mstari uliofika katikati ya neno. Bwana Ko akataka kujua nusu mstari maana yake nini, tutakula nusu au tutakufa nusu. Binti wa watu akafuta miwani yake, akasema hata yeye hajui, fomu haina sehemu ya jambo hilo.

Kisha akafungua kitambaa changu. Aliinama kwa adabu, akasema, "Samahani sana, babu. Ngano." Akapiga mstari, tena mrefu. Nilimwambia labda hajaelewa, hii ni mikate ya Shandong. Akajibu kwamba hilo halina ubishi, ila unga wake umetoka Marekani.

Qiaozhi, kinachoniaibisha ni kwamba nilikuwa najua. Tulipooana, unga ulikuja katika mifuko ya msaada yenye picha ya mikono miwili inayoshikana, na Bi-kiok alinishonea kaptura za ndani kwa mifuko hiyohiyo. Miaka na miaka nimekalia jina la Marekani juu ya tandiko la baiskeli, huku nikipiga kelele za Shandong. Wewe husema nimesoma vitabu vingi. Ni kweli, lakini mambo haya mawili sikuwahi kuyaweka upande kwa upande.

Aliyefuata alikuwa A-Khim, jirani yetu, rafiki wa mke wangu tangu utoto wao. Alikuja na kikapu cha viazi vitamu vyenye udongo bado, na fungu la majani yake. Hapo kalamu nyekundu haikufanya kazi. Pei-shan alichora duara, akatabasamu kwa mara ya kwanza. Kumbuka, wenyeji wa hapa hujiita viazi vitamu, na sisi tuliokuja na meli mwaka 1949 tukikimbia vita wakatuita majimbi, yale ya kuchimbwa ardhini kama viazi. Sisi wa umri wangu ni majimbi mazee. Hakuna anayekasirika tena. Ni utani wa kila siku. A-Khim akashika kiuno, akaniambia mbele ya watu wote, "Wewe jimbi zee, usinune! Mikate yako haistahili mstari mzima. Nusu yake ni yetu."

Akaeleza. Zamani unga ulipokuwa hautoshi, Bi-kiok alikuwa akichukua viazi shambani kwa A-Khim kila wiki, akivichemsha, akiviponda na kuvichanganya kwenye unga kabla sijaamka. Alimwapisha A-Khim asiseme, kwa sababu siku ya karamu ya harusi yetu, mbele ya baba mkwe, mimi nilisema kwamba kwetu viazi hupewa nguruwe. Hapo Bwana Ko akapiga paja. "Kumbe ndiyo ile rangi ya manjano!" Maana wateja wote niliwaambia kuwa umanjano ule ndio alama ya ngano halisi ya Shandong. Mama Tsai alicheka hadi akashikilia meza ya ubani. Binti wa wilaya, kalamu ikiwa hewani, aliniuliza kama hadi leo naweka viazi. Nikamgeuzia sikio la kushoto, nikajifanya sikusikia.

Nilirudi nyumbani na mikate yangu, na tangu hapo naenda na kurudi chumbani. Nilikuja hapa na meli nikiwa na miaka kumi na mitatu, nimemshika koti mwalimu wetu wa shule. Ngano ilikuja na meli. Sasa tunafundishwa kuishi siku meli zitakapokoma, na hakuna anayetaja ni nani atakayezikomesha. Kila nikiuliza, watu hunitazama mimi niliyetoka upande wenu wa bahari, kisha hutazama viatu vyao. Nikikaa hapa mezani namwona Haobin chini ya kioo. Umesema amepangiwa jikoni kwenye meli ya kivita, anawapikia mabaharia mia mbili. Sina neno baya juu ya mtoto. Ninachojiuliza ni hiki: siku hiyo ikifika, yeye atakuwa anapika nini, mimi nitakuwa nakula nini, na kati yetu patakuwa na maji kiasi gani? Nawaza, na sifiki popote. Huko kwenu, mnaulizana maswali kama haya? Au nisikuulize?

Lakini kuna jambo moja ninalolijua kwa hakika, nalo nimekuficha tangu mwaka 1989.

Niliporudi mara ya kwanza baada ya miaka arobaini, ulinipikia mikate kwa ngano ya shamba letu. Nilimega mmoja, nikatia mdomoni, nikalia. Ukoo mzima ukalia. Ulisema, "Kaka ameonja nyumbani," na najua umewasimulia wajukuu hivyo hadi leo. Haikuwa hivyo, mdogo wangu. Mikate yako ilikuwa mizuri, myeupe, sawasawa na ya mama, na mdomo wangu ukawa unatafuta utamu fulani ndani yake usiupate. Nililia kwa sababu nilikuwa nimefika na sikuwa nimefika.

Utamu ule niliujua. Mwaka wa tatu wa ndoa nilirudi nyumbani kuchukua pampu ya baiskeli, nikamwona Bi-kiok dirishani akiponda viazi, mgongo wake kwangu. Nikaondoka kwa kunyata, nikaendelea kuuza Shandong. Na jioni ile ya mwaka 1989 uliponieleza jinsi mama alivyokufa, kwamba mwaka wa njaa alikupa wewe vipande vyote vya viazi vikavu, yeye akabaki kunywa maji vilimochemshwa, nilihesabu miaka. Karamu ya harusi yangu, niliposema viazi hupewa nguruwe, ilikuwa miaka minne baadaye. Sikumwambia Bi-kiok kwamba najua. Hata hospitalini, siku za mwisho, nilikusudia kusema, nikaishia kumwambia ale kidogo.

Tangu afariki, kila Ijumaa natia viazi mwenyewe.

Kwa hiyo jibu lililo chini ya kikombe, kwamba naja kukaa, si la kweli tena. Nitakuja kabla ya siku ya kufagia makaburi, miguu ikikubali, nikae siku kumi, nimpigie mama magoti kaburini. Kisha nitarudi huku, kwenye mji ambao hauwezi kujilisha bila meli na bado ndio unaonilisha. Sijui kama ni uamuzi wa akili. Usinikasirikie. Kama utakasirika, kasirika kabla sijafika, ili tusipoteze siku hata moja kati ya zile kumi.

Chumba cha mashariki mpe Haobin akija likizo. Mpikie mikate. Chemsha kiazi kimoja, ukiponde kilainike, ukichanganye na unga kabla hajaamka, wala usimwambie. Halafu niandikie kama aliuliza.

Bwana Ko na A-Khim wanakusalimu ingawa hawakujui. Nimewaambia wewe ni jimbi lililobaki shambani, wamefurahi sana. Funga shingo upepo ukivuma, na usibebe maji peke yako.

Ni mimi kaka yako,
Luan Tingjie