Nimemletea mke wangu udongo wa kituo cha petroli

Mama Jemimah mpendwa, nakuandikia nikiwa sina pa kuegemea, naomba unisikilize kwanza ndipo unigombeze. Jina langu Marcellin, natoka Uvira, naishi Yeoville na mke wangu Sagesse ambaye ana mimba ya miezi sita, na hii mimba, mama, tumemwomba Mungu kwa machozi, kwa sababu ile ya kwanza ilitoka na nyumba yetu ikawa kimya.

Mimi ni kibarua kwenye kikundi cha kupima ardhi. Siku hizi tuko kwenye kituo kimoja cha petroli ambacho tangi lake la zamani lilivuja, basi tunatoboa mashimo kwa mashine, tunatoa udongo na maji ya chini, vinapelekwa maabara ijulikane petroli imefika wapi. Sasa Sagesse, kama wajawazito wengi wa kwetu, anatamani udongo, na siku moja aliniambia, "Marcellin, hii ya soko ni chaki tu, mi nataka udongo ya kwetu, ile inanukaka mvua ikinyesha," nami nikaenda kazini moyo unaniuma, nikiwaza hapa Johannesburg nitautoa wapi udongo wa Uvira, ndipo mashine ikatoa kutoka chini kabisa ya shimo lililo karibu na ukuta wa kituo udongo mwekundu, mlaini, usio na doa, nikasema moyoni huu hakuna mtu aliyewahi kuukanyaga, ni safi, nikafunga vipande kwenye leso. Sikusikia harufu, lakini ukweli ni kwamba tukishinda pale pua zetu huzoea. Alivipokea, akanishika shavu, akasema aksanti, papa. Nilifurahi hadi nikamletea tena na tena.

Juzi Simiyu, msimamizi wetu Mkenya, alikuja na majibu ya maabara akasema, "Jamani, hilo shimo la ukutani ndilo chafu kuliko yote, mtu asilisogelee bila barakoa." Mama, ndilo shimo nililomletea udongo. Sijamletea tena, wala sijamwambia, maana nikimtazama anavyoongea na tumbo lake ulimi unakuwa mzito, naogopa mshtuko wenyewe utaitoa mimba, na nikinyamaza je? Kliniki nayo naiogopa, sisi wageni tunaulizwa karatasi getini. Nifanye nini? Ninampenda sana mtu huyu.

Marcellin, Yeoville

JIBU

Marcellin mwanangu, barua yako haikungoja zamu. Uliweka namba ya simu, nikakupigia siku ileile, na yaliyofuata nayasimulia hapa kwa ruhusa yenu wawili.

Kwanza nilikugombeza, na narudia ili wengine wasikie. Umeajiriwa kutafuta petroli ardhini, halafu unaokota udongo palepale unampa mjamzito! Petroli haihitaji kukanyaga, baba, inazama. Mapenzi unayo tele, ila akili siku hiyo uliisahau kwenye taksi.

Nikakuambia: ingia ndani sasa hivi, mshike mkono, sema. Mshtuko hupoa, sumu haingoji. Ukaenda. Baadaye simu yangu ikalia, nikasikia sauti ya mwanamke.

"Mama Jemimah, ni Sagesse. Mi nilikula kipande kimoja tu, siku ya kwanza. Ilikuwa inanuka essence, petroli yenyewe, nikatapika. Zingine zote ziko mu mkebe, chini ya kitanda."

Nikamwuliza kwa nini hakumwambia mumewe.

"Ningemwambia namna gani, mama? Alikuwa anazileta na furaha kama mtoto. Tangu ile mimba ya kwanza, sikuwa nimemwona anacheka."

Siwafichi, nililia kidogo. Halafu nikapangusa macho, na sasa nawasema wote wawili. Wewe Marcellin ulinyamaza usimtie hofu, na wewe Sagesse ulinyamaza usimvunje moyo, na mtoto aliye katikati yenu akabaki hana wa kumsemea.

Kipande kimoja nacho si cha kupuuzwa. Niliwaambia kwa simu na narudia: gazeti hili likitoka nataka liwakute kwenye foleni ya kliniki. Bebeni karatasi mlizo nazo, na mama mmoja wa kanisani anayejua Kizulu aende nanyi. Askari wa getini akikataa, msiondoke, ombeni kuonana na nesi mkubwa. Simiyu umwambie yote, hata kama utaona haya, kwa sababu nesi atataka kujua maabara ilikuta sumu gani, na ule mkebe hautupwi jalalani, Simiyu ndiye anajua pa kuupeleka. Nguo za kazi zivue mlangoni, mkeo asizifue kwa mikono yake. Hiyo hamu ya udongo nayo mwelezeni nesi, huenda ni damu iliyopungua inadai haki yake. Akishauri dawa, zimezwe. Akishauri mboga na maini, Marcellin, wewe ndiye utakayepika.

Na wewe Sagesse, binti yangu, mumeo akikuletea tena zawadi inayonuka, mwambie inanuka.

Mama Jemimah