Utabiri wa Mchezaji Aliyekufa

Jumatano, baada ya Isha

Bado wanamtarajia, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Tangu nikae eda ya kufiwa na mume wangu sitoki nje, kwa hiyo binti yangu Hodan hunichangamsha kwa besiboli. Yeye na binamu zake walio Marekani huunda timu za kubuni kwa wachezaji wa kweli, na kabla ya kuchagua husoma utabiri wa kompyuta: nani atapiga vizuri msimu ujao, nani atachoka. Kila mara namkumbusha aseme inshallah. Leo akanicheka, "Hooyo, mama yangu, kompyuta haijasilimu!"

Kisha akanionyesha jina moja kwenye orodha yake. Mchezaji huyo, kijana tu, alikufa ajalini wiki iliyopita, lakini hesabu zake bado zipo kwenye utabiri. Asubuhi wenye utabiri walirekebisha hesabu za wachezaji wote, na za kwake zimepanda.

"Wanasema atacheza vizuri zaidi," Hodan akasema polepole.

"Kwani hakuna aliyeiambia kompyuta?"

"Bado, hooyo."

Nikageuka nichukue chai yangu. Palikuwa na vikombe viwili. Nilikuwa nimemmiminia baba yake pia, chai ya maziwa ya ngamia, sukari nyingi, kama alasiri zote alizorudi kutoka soko la mifugo. Sikumbuki mkono wangu ukifanya hivyo. Ya Allah, kumbe mimi pia...

Hodan alikiona kile kikombe. Aliuliza tu, kidole kikiwa juu ya jina la yule kijana, "Nimwondoe kwenye orodha?"

Nikamwambia amwache hadi kesho, inshallah.