Basi Limefika Mlimani

Mama yangu, shikamoo.

Natumai goti limetulia na mvua haikuingilii tena jikoni. Mimi mzima, ila mgongo unaniuma kwa barabara. Barua yako nimeisoma mara mbili. Umenihesabia Idi nne sijaja Msambweni, ukauliza imebaki miaka mingapi huku, na fundi magari wa kike Garissa ataolewa na nani. Nilicheka, kisha nikalia kidogo. Ahadi yangu sikuisahau: lile basi kuukuu tuliloligeuza nyumba likishindwa kufika mlima wa Marsabit na kurudi, nafunga virago nakuja kwako.

Basi sikiliza.

Tulitoka Garissa alfajiri, mimi kwenye usukani, Abti Dahir ubavuni. Abti ni mjomba kwa Kisomali, ndivyo ninavyomwita. Ni mzee wa kijiji cha Kotile. Yeye alinunua basi, mimi nikalitia vitanda, jiko la gesi na tangi la maji. Nyuma walikaa wageni wetu wa kwanza, Mwalimu Safia aliyestaafu na mumewe, ambao miaka yote wametamani kuuona msitu wa Marsabit. Mpaka Wajir hakuna neno. Kesho yake tukashika njia ya magharibi, na huko Mama ni mchanga mtupu. Mvua ilikuwa imefuta alama za magurudumu, njia ikagawanyika mara tatu, na Abti mwenyewe akakiri haijui.

Hapo ngamia wakaanza kukatiza mbele yetu. Nikafurahi, maana penye ngamia pana mwenyewe, tutauliza. Nami kwa uchovu wa kungoja nikatoa mkono dirishani, nikawa nawahesabu kwa sauti kama mtoto. Nilipofika thelathini na kitu, mchungaji akasimama, mzee mwembamba, fimbo mabegani.

"Naa! Wewe nahesabu ngamia ya watu? Unataka ikufe?"

Abti akafunika uso. Nawe Mama hukutuacha hata tuhesabu vifaranga, ukiogopa kijicho! Nilijua, na bado nikafanya. Mzee akatupa mgongo. Abti akamsihi kwa lugha yao, wapi. Nikaona virago vyangu vinajifunga vyenyewe.

Nikashuka. "Mashallah, Mungu akuzidishie," nikamwambia. "Nimekosa, nisamehe."

Akanitazama weee, kisha akauliza, "Mama yako iko na watoto ngabi?"

Jibu likanitoka kabla sijafikiri, lile lako la siku zote: "Anao aliopewa na Mungu."

Alicheka mpaka fimbo ikamwanguka. "Haa! Mama nafundisha, wewe nasahau." Akatuchorea njia mchangani, wapi pa kukunja na wapi pa kukwepa. Tukamjazia madumu yake maji kutoka tangini, tukaagana vizuri.

Kwenye mawe chini ya mlima tairi lilipasuka, nikalibadili mwenyewe. Asubuhi iliyofuata tulikunywa chai mlangoni pa basi, juu kabisa, ukungu umetanda, miti imeota ndevu, tembo wawili wanakunywa ziwani. Mwalimu Safia alimshika mumewe mkono. Kuna baridi huko Mama, ungeomba blanketi mbili. Nilijivuna, sitakuficha.

Jana tumerudi Garissa salama. Ahadi ni ahadi: basi limefika, nami nabaki. Usione nimekupuuza, wali wako wa nazi nauota. Kitanda cha chini, karibu na dirisha, nimekiwekea godoro nene kwa ajili ya goti lako. Safari ijayo ni yako, na sitaki kusikia habari ya kuku utamwachia nani.

Nisalimie Kaka Bakari na korosho zake, Shangazi Mwanamisi msuka mikeka, na jirani yetu Bi Mejumaa anayekusomea barua hii, naye asiongeze chumvi.

Na ile miaka uliyoniuliza imebaki mingapi: ninayo aliyonipa Mungu. Usinihesabie tena, Mama.

Mwanao,
Mwanasha