Mkate Ulio Juu ya Mlango

Almaty, Jumanne

Bibi yangu,

Shikamoo. Mimi mzima. Theluji imeanza kuyeyuka, na Zhibek, ninayelala naye chumba kimoja, amepaka kucha rangi ya nyasi.

Uliuliza kama nakula. Nakula, Bibi. Kocha hutupima uzito kila asubuhi kabla hatujapanda ukuta wa mazoezi, na jana aliwaambia wenzangu, "Mwoneni Togzhan, unyoya. Nyie mmebeba viazi?" Tukacheka wote, mimi nikiwa nimeshika mlango kwa sababu ya kizunguzungu.

Wiki iliyopita nikiwa nimening'inia, kidole cha kati kilialika kama kijiti kikavu. Nimekifunga plasta. Zhibek anasema, "Siku zako huzioni tangu vuli, sasa na vidole vinakatika. Unamdanganya nani, wewe?" Ana domo huyo. Nimemkataza asikupigie simu.

Kesho ni mchujo wa timu ya taifa. Nitapanda na kidole hichohicho.

Bibi, ule mkate nilioung'ata siku ya kuondoka, ukautundika juu ya mlango ili nirudi niumalize, bado upo? Babu alipokwenda jeshini ulimtundikia wa kwake, naye akarudi akaula. Mimi lile tonge sikulimeza. Ulipogeuka kufuta machozi, nililitema kwenye mfuko wangu wa chaki ya kupaka mikononi ninapopanda.

Niambie ukweli, Bibi. Mkate wa namna hiyo humrudisha mtu?

Mjukuu wako,
Togzhan