Tulizikwa Tukiwa Hai

Mama yangu,

Siku walipokuzika nilikuwa nje ya seng'enge ya makaburi, karibu na boma la ndama. Hakuna aliyenifukuza. Mzee Yakobo alinipita karibu hata kanzu yake ikanigusa mkono, lakini macho yake yalitazama mbele tu, kama ya mtu anayepita mahali patupu. Baba alikuja nyuma yake, ameinamisha kichwa. Nikasikia udongo unaanza kuanguka juu ya blanketi lako. Nilitaka kuita, "Mama!" Sauti haikutoka.

Imetoka sasa, mvua zimekuja na zimekwisha.

Najua hukujua kusoma. Mimi nimejifunzia huku Nakuru, kwa darasa la jioni la wafanyakazi wa hospitali, na tulifundishwa kwa Kiswahili. Kimaragoli chetu nakijua mdomoni tu, kukiandika siwezi. Kwa hiyo nakuandikia hivi, na ninapoandika nasoma kwa sauti. Hata yale unayoyajua nitayasema, kwa sababu hatukupata kuyasema tukiwa tumekaa pamoja, wewe na mimi.

Nilizaliwa ndani ya Waliotengwa, kanisa la Mzee Yakobo. Sikujua kuna namna nyingine ya kuishi. Pale Kabazi, kwenye laini za nyumba za wafanyakazi wa Bwana, yule mzungu mwenye shamba, sisi tulikuwa na upande wetu na watu wengine wote walikuwa na wao. Hatukula chungu kimoja nao. Hatukwenda shule ya misheni. Dawa ya mzungu ilikuwa kumwambia Mungu kwamba hatoshi, na sindano, alisema Mzee Yakobo, hutoboa mahali roho inapokaa. Na mtu akitoka kwetu, huyo amekufa. Hasalimiwi, hatajwi, hapewi maji. Nilikuwa msichana mdogo nikaona wakimfanyia hivyo fundi seremala, na nikamgeuzia mgongo nami, na nikajiona mtakatifu.

Halafu Naomi, mtoto wangu mchanga, akaugua.

Unakumbuka kifua chake, kilivyokuwa kinaingia ndani kila akivuta pumzi? Walikuja wazee wakaomba asubuhi, wakaomba mchana. Daudi, mume wangu, alipiga magoti pamoja nao. Mzee Yakobo akaniuliza, "Rebeka, umeficha dhambi gani?" Nikafikiri sana. Nilitafuta dhambi ndani yangu kama mtu anayetafuta sindano sakafuni, na zile nilizozipata nikazisema zote mbele ya wanaume, na midomo ya mtoto bado ilikuwa inabadilika rangi. Wewe ulikuwa umemshika. Ulinipa mtoto mkononi, ukasema, "Mpeleke nje apate hewa."

Basi. Hukusema neno lingine. Nilipofika nje, lori la maziwa lilikuwa limewashwa, linaelekea Nakuru. Mpaka leo sijui kama ulijua lori liko pale. Nimejiuliza mara nyingi, Mama. Ningekuuliza kama tungepata nafasi.

Nilipanda, na hospitalini wakamdunga sindano, Naomi akapona. Aliyenieleza yaliyofuata kule nyumbani ni Mama Achieng, yule jirani wa laini ya pili, asiye wa kanisa letu, anayeuza mboga sokoni. Alisema Baba mwenyewe ndiye aliyetuchimbia, kaburi kubwa na kaburi dogo. Kwenye kubwa wakaweka nguo zangu na kikombe changu. Kwenye dogo wakaweka ile shali uliyomfumia Naomi. Wanawake walipewa udongo watupe, na wewe ukatupa. Hapo nikamkatiza Mama Achieng. Nilimwambia asiniambie zaidi.

Daudi akaitwa mgane, na baada ya mavuno wakampa mke mwingine. Na wewe jina lako likabadilishwa. Tangu nizaliwe ulikuwa Mama Rebeka, sasa wakaanza kukuita Mama Yohana, kwa jina la ndugu yangu, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa kifungua mimba. Lakini pale sokoni Nakuru, wanawake wa makabila mengine, wasiojua habari zetu, waliendelea kukuita Mama Rebeka. Na wewe ukaitikia kila mara. Nilikuwa nyuma ya magunia ya viazi nilipokusikia mara ya kwanza. Nikakaa chini.

Na kuku, Mama. Nisipoandika habari za kuku nitakuwa sijaandika kitu.

Ulikatazwa kusema nami, na wewe hukuwa mtu wa kuvunja sheria waziwazi. Walikuwapo wanawake wenzako wa Waliotengwa wakiuza hatua chache kutoka kwako. Nilisimama mbele ya kapu lako nimembeba Naomi mgongoni. Hukuinua macho. Ulimwinamia kuku wako mwekundu, ukamwambia, "Wewe kuku, tulia. Mzee wangu mgongo umemshika tena, hawezi kukamua ng'ombe vizuri. Yohana amekuwa mrefu kuliko mlango. Unasikia?"

Nikasema, "Kuku huyu ni mzuri."

Ukamwambia kuku, "Nilikuwa na wasiwasi kama watu wanakula. Lakini naona wanakula."

Tulifanya hivyo siku nyingi za soko. Hata ule mwaka wa hali ya hatari, majirani zetu Wakikuyu walipopakiwa kwenye malori na vyombo vyao wakaondolewa mashambani, na askari wakawa wanaulizia kipande, ile hati ya kazi, kila kona, wewe ulikuja. Siku hiyo ulimwambia kuku, "Nyumba ya Wambui iko wazi, mlango unapigwa na upepo. Mzee Yakobo anasema ni hukumu ya Mungu. Mimi sijaona Wambui alimkosea nani." Ndiyo mara ya kwanza niliyokusikia ukitia shaka, Mama, na uliyemwambia ni kuku.

Siku nyingine ukamuuliza kuku, "Huyu mtoto anatembeaje miguu wazi na baridi hii?" Jioni ile ile nilimtafutia Naomi viatu.

Mara moja tu Naomi alikukamata. Alikuwa ameanza kutembea, akanitoroka, akashika gauni lako kwa mikono miwili. Wale wanawake wakageuka wote kutazama. Hukumgusa. Hukuweka mkono kichwani pake. Lakini pia hukujitoa. Ulisimama pale wima, mteja anakuuliza bei na wewe hujibu, mpaka mtoto alipochoka mwenyewe akaachia. Nilikuchukia siku hiyo. Nilienda nyumbani nikasema kwa sauti kwamba sina mama. Sasa nikikumbuka naona tu kwamba hukujitoa.

Utataka kujua kuhusu Mungu. Hukuniuliza hata kupitia kwa kuku, lakini nadhani ulitaka.

Sijui, Mama. Miezi ya kwanza nilikuwa namtazama Naomi akilala, nikitafuta kile walichosema kimetoka kwa tundu la sindano. Alicheka kama watoto wengine. Alipiga kelele kama wengine. Hata hivyo nilitafuta. Hapa kuna kanisa karibu na hospitali, nimeingia mara kadhaa nikakaa nyuma. Watu wanaimba wamevaa viatu, wanawake wamekaa karibu na wanaume, hakuna anayelilia dhambi zake. Nilitoka kabla hawajamaliza. Niliogopa. Nikisema simwamini Mungu wa Mzee Yakobo, mgongo wangu bado unangoja kipigo. Nikisema namwamini, basi namwamini yule aliyetaka mtoto wangu afe ili yeye asionekane hatoshi. Na ninapofagia wodi, mtu akifa mikononi mwa manesi, midomo yangu inaomba yenyewe, kwa maneno yale yale uliyonifundisha. Sina mengine.

Halafu ukaacha kuja sokoni. Mama Achieng akaniambia, "Mama yako anakohoa, na kitambaa chake kina damu."

Mimi nafagia wodi ya vifua. Nimeona watu wakiletwa wamebebwa, baada ya miezi wakatoka kwa miguu yao, wamenenepa. Nilimweleza dresa, msaidizi wa daktari wodini, akasema kitanda kipo, nikulete upesi. Nikaomba nafasi kwenye lori, nikaja Kabazi mchana, nikapita katikati ya laini, watu wakinigeukia migongo nyumba kwa nyumba, mpaka kwetu.

Baba alikuwa mlangoni. Alisimama, akatazama milima. Lakini hakuziba mlango, na mimi nikapita ubavuni pake.

Ulikuwa umebaki mifupa. Nikapiga magoti. Nilidhani utazungumza na ukuta au na blanketi. Ulinitazama machoni, ukasema, "Rebeka."

Nikasema, "Mama, twende. Lori liko barabarani. Kitanda kipo."

Ukasema, "Naomi anaendeleaje?"

"Mzima. Twende, utamwona."

"Nikienda atanichimbia," ukasema, na kwa kidole ukaonyesha mlango, alipokuwa Baba. "Unajua alivyokaa alipowachimbia ninyi? Alikaa siku nyingi hali chakula. Hawezi kuchimba tena kaburi la mtu ambaye hajafa."

Nikakasirika. Nilikuambia maneno makali, Mama. Nilikuuliza, "Unaamini kweli kwamba dawa ni dhambi?"

Ulitoa mkono chini ya blanketi, ukauweka juu ya wangu. Kisha ukasema, "Siamini. Lakini nimeishi na hawa watu tangu nikiwa bibi arusi. Kwa nani mwingine nitafia?"

Kwangu, nilitaka kusema. Kwangu mimi. Ungefia kwangu, au usingekufa kabisa. Lakini ulikuwa umeshafunga macho, na mkono wako ulikuwa juu ya mkono wangu, na dereva alikuwa anapiga honi. Nilipotoka Baba alikuwa bado anatazama milima, na shingo yake ilikuwa imelowa machozi.

Basi ukafa. Ulikufa kwa kumhurumia mtu, na watu wakahubiri kwamba ulikufa kwa imani. Mzee Yakobo alisema juu ya kaburi lako, "Mama Yohana amevumilia hata mwisho." Niliyasikia kutoka kule kwenye seng'enge. Hilo ndilo lililonizuia kuita.

Sasa sikia yaliyotokea baadaye, ndiyo hasa yaliyonifanya nishike kalamu.

Mwezi uliopita nilikuwa namwaga maji machafu nyuma ya wodi, bawabu akaja akasema, "Kuna mzee getini, amekataa kusema shida yake." Nikaenda. Alikuwa Baba. Miguu yake ilikuwa imejaa vumbi mpaka magotini, na begani ameegemewa na Yohana. Yohana wetu, mwanamume mzima sasa, mrefu kuliko mlango kweli, lakini kifua kimeingia. Nilipomsikia akikohoa nilijua. Ni ile ile yako.

Baba alinitazama. Alinitazama usoni, Mama, mara ya kwanza tangu anichimbie. Amezeeka sana. Akasema, "Huyu sitamzika."

Nikasema, "Baba, karibuni ndani."

"Mchukue ndugu yako," akasema. "Nimezika watatu, imetosha."

Watatu. Alikuhesabu wewe pamoja na sisi. Sikujua nifurahi au nilie, kwamba kwake sote tulikuwa sawa, kwamba alituomboleza sawa.

Yohana alipewa kitanda. Daktari anasema amechelewa, upande mmoja wa kifua umeharibika, anasema tungoje. Siku nyingine Yohana anakula, siku nyingine anageukia ukuta na kuniuliza kama roho yake imeshatoka. Ananiuliza mimi, ambaye sijui. Namwambia, "Uliza tena kesho." Naye kesho yake anauliza tena.

Baba hakutaka kuingia kwangu siku ile. Nilimletea chai pale nje, nikaiweka juu ya jiwe, nikarudi nyuma, maana nilijua sheria. Aliitazama mpaka ikapoa. Kisha akainywa yote. Akanirudishia kikombe mkononi, siyo juu ya jiwe.

Naomi akatoka akamwuliza, "Wewe ni nani?"

Akajibu, "Mimi ni babu yako." Akashika fimbo yake, akaondoka kurudi Kabazi kwa miguu.

Mama Achieng anasema wamewachimbia wote wawili, Baba na Yohana, kando ya makaburi yetu. Mzee Yakobo alichimba mwenyewe kwa kuwa hakuna mwingine aliyejitolea. Mjini tungecheka. Pale hakuna kicheko. Baba bado anakamua ng'ombe wa Bwana, bado analala kwenye nyumba yako, lakini akipita laini watu wanageuka. Anajipikia uji. Anafua nguo zake mwenyewe. Anakaa mlangoni jioni na hakuna wa kumwambia hujambo. Ulikufa ili asiwe na kaburi la uongo, na sasa analo lake mwenyewe, analiona kutoka mlangoni. Nimekaa na jambo hili, Mama, na sikupata faraja ndani yake. Sikuandikii kukufariji.

Nasikia kengele ya zamu, lazima niende wodini.

Kwaheri, Mama. Sitoi ahadi kwamba nitarudi kwa Mungu wako, wala kwamba nitamwacha kabisa. Kumponya Yohana pia siahidi, kwa kuwa siwezi. Ninachoweza ni hiki. Jumapili hii nitapanda lori na Naomi, tuje Kabazi mchana, tupite katikati ya laini, tumpikie Baba ugali na tukae naye mlangoni tule. Kila Jumapili nitakayopata ruhusa nitafanya hivyo, wakitugeuzia migongo au wakiangalia. Na Naomi atajifunza kumwamkia kila mtu anayempita, kwa jina lake, hata asipoitikiwa.

Lala salama, Mama Rebeka.

Mimi binti yako,
Rebeka