Mpishi Alinipita Kwenye Mtihani wa Lugha

Bweni la Wakunga,
Chumba nambari 6, ghorofa ya pili.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Fundi,

Salamu nyingi kutoka kwa dada yako. Hujambo? Mama hajambo? Magoti yake yanaendeleaje, bado anayapaka ile dawa inayonuka nyumba nzima? Wifi yangu na mapacha wanasemaje? Mimi ni mzima wa afya, nakula vizuri, na sare ya kazi imeanza kunibana kiunoni, kwa hiyo msinionee huruma.

Barua yako niliipata Jumanne. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, na mara zote mbili nilikasirika. Hospitali inakupa kazi ya useremala kwenye karakana yake, kazi niliyokuombea miezi minane, nawe unataka kuikataa kwa sababu ya mtihani wa lugha! Unasema lugha ya huku inapandisha na kushusha sauti, na neno hubadilika maana sauti ikibadilika, na wewe huna sikio. Unasema mwanamuziki ni dada. Haya, kaa kitako nikusimulie yaliyompata huyo mwanamuziki.

Nilipofika hapa nilijiona nimeshafaulu. Miaka kumi na tisa ya kufundisha kwaya si mchezo. Siku ya kwanza darasani mwalimu wetu, mama mwembamba mwenye sauti nyembamba vilevile, alitamka maneno mawili mawili na kutuuliza kama yanafanana au yanatofautiana. Nilipata yote ishirini. Pembeni yangu alikaa mpishi wa hospitali, mgeni kama mimi, ambaye kila mtu anamwita Chumvi. Alikosa saba. Nilimpa pole, na sitakuficha, nilimpa kwa maringo.

Basi nikajitengenezea daftari. Kila neno jipya niliandika noti zake juu yake, hili do na mi, lile sol na re, nikawa nayaimba huku napiga pasi. Mwalimu akiuliza, najibu kwa noti zilezile alizotumia yeye. Darasa zima lilinipigia makofi. Kumbe lilikuwa kosa, na hakuna mtu mwingine ambaye angelifanya isipokuwa mtu wa kwaya.

Mtihani ulisimamiwa na mfamasia, baba mnene mwenye sauti inayotoka chini ya meza. Aliposema neno la kwanza nilitafuta do ya mwalimu wangu, sikuiona. Sauti yake ya juu kabisa ilikuwa chini kuliko ya chini kabisa ya mwalimu! Jasho lilinitoka mpaka kwenye vidole vya miguu. Nilipojibu, alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza kama nimemaliza kuimba.

Nilifeli. Chumvi alifaulu. Chumvi, ambaye akianza kuimba jikoni wasaidizi wake hufungulia bomba ili wasimsikie. Mimi, mkunga mzoefu, nikapelekwa stoo kukunja mashuka wiki sita, maana hapa asiyefaulu lugha haruhusiwi kuzalisha peke yake. Nililia, Fundi. Nililia juu ya mashuka masafi ikabidi yarudi kufuliwa.

Siku ya tatu nilimeza kiburi nikamfuata Chumvi jikoni. Alinipa kisu na gunia la vitunguu kabla hata hajanijibu.

“Mkunga, wewe unasikia sauti kwanza, halafu unaanza kulitafuta neno,” aliniambia. “Mimi nimezaliwa kwenye lugha ya namna hii. Neno likija bila sauti yake, kwangu bado halijaja. Halafu wewe unampima mtu kwa sauti ya mwalimu. Mpime kwa sauti yake mwenyewe! Amepanda kuliko alivyokuwa sasa hivi, au ameshuka?”

Lakini naye alikuwa na lake. Lugha ya kwao ina sauti mbili tu, ya juu na ya chini. Ya huku ina nne, na ile inayoanzia chini ikapanda alikuwa anaisukumia kwenye ya juu, ndiyo maana alikosa saba. Hapo sikio langu la kwaya lilifaa. Nikawa namtenganishia sauti, naye ananifundisha kuongea bila kuimba, mpaka vitunguu vya hospitali vikawa vinamenywa kabla ya wakati. Daftari la noti nilimpa akawashie jiko.

Mara ya pili nilifaulu. Jumatatu iliyopita nilizalisha peke yangu. Mama wa watu alinong'ona kitu katikati ya uchungu, sauti imemkauka kabisa, nami nikamjibu kabla sijafikiri. Mtoto wa kike, kilo tatu na robo, mwenye kelele kama baraza la familia yetu.

Sasa nisikilize. Nani alilelewa na bibi mpaka ana miaka tisa? Lugha ya bibi inapanda na kushuka hivyohivyo. Mimi nilibaki mjini na Kiswahili changu, nikija likizo wewe na miaka yako minne ulikuwa unanisahihisha. Sikudanganyi kwamba utateleza tu. Kuna sauti za huku ambazo bibi hakuwa nazo, na utazichanganya kama Chumvi. Lakini nitakuwa hapa, na vitunguu vipo.

Mbusu mama kwa niaba yangu. Mwambie wifi kitambaa alichoagiza nimekipata, rangi ileile. Mapacha waambie shangazi yao anawakumbuka hata wakinuna.

Nilitaka kuishia hapo, kalamu imekataa. Kwenye harusi ya binamu, ukiwa na miaka kumi na mitatu, nilikuweka mstari wa nyuma nikakuambia mbele ya watu ufungue mdomo tu, usitoe sauti. Watu walicheka, nami nilicheka. Sijakusikia ukiimba tena, hata ukiwa unapiga randa. Sauti yako ilikuwa inavunjika kama ya kila mvulana wa umri ule, na mimi mwalimu wa kwaya nililijua hilo. Nilitaka kwaya yangu ipendeze, nikakuambia huna sikio.

Karakana inasubiri jibu lako mpaka tarehe thelathini. Kama hutaki kumwacha mama, kataa, nitaelewa. Kama hutaki tu kuishi jirani na mimi, kataa pia. Ila usikatae kwa sababu ya neno nililokuambia siku ile. Nilikuwa nasema uongo, mdogo wangu, na nilijua.

Mungu awafunike nyote kwa rehema zake.

Ni mimi, dada yako akupendaye,
Mkunga.